Nani Alaumiwe kwa 2008? Hotuba ya Kupinga Mada

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu yangu wa upande wa pili, mabibi na mabwana,

Mada ya leo inasema waandamanaji wa Occupy Wall Street, waliopiga kambi karibu na Wall Street, mtaa wa mabenki makubwa wa New York, walipiga hodi kwenye nyumba siyo. Ndugu yangu ameitetea kwa ufasaha. Kwa maelezo yake, mgogoro wa fedha wa 2008 ulianzia Washington, kwenye Bunge lililotaka kila Mmarekani amiliki nyumba, ukakamilishwa na wananchi waliotia saini mikopo wasiyoimudu. Mabenki, anasema, yalifuata tu upepo ulikovuma. Kwa hiyo wale waliolala kwenye mahema New York mwaka 2011 walipaswa ama kupanda basi kwenda Washington, ama kubaki kwao wakijilaumu.

Napinga mada. Ila nitangulize kusema nisichokipinga, tusije tukapotezeana muda. Sipingi kwamba serikali ya Marekani ilikuwa na mkono wake. Sipingi kwamba wapo wakopaji waliodanganya kuhusu vipato vyao. Wala sikuja kuwatakasa waandamanaji. Ipo hoja yao moja kubwa nitakayoishambulia mwenyewe kabla sijaketi. Ninachokataa ni ile kauli inayopendwa sana kwenye midahalo ya namna hii, kwamba "sote tulikosea". Lawama ikigawiwa watu wote sawasawa, kila mmoja hupata kidogo kisichomuuma, na wanaoufurahia zaidi mgawo huo ni wale waliostahili fungu kubwa.

Kipimo changu ni maswali mawili. Huyu alikuwa katika nafasi ya kujua nini? Na mambo yalipoharibika, alipoteza nini? Nitampitisha kila mtuhumiwa hapo, mdogo kwa mkubwa.

Kwanza matukio yenyewe, kwa haraka, maana wengi mnayakumbuka. Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi asilimia 1 katikati ya 2003 na kuiacha hapo kwa mwaka mzima. Fedha zikawa rahisi, bei za nyumba zikapaa hadi 2006, kisha zikaanza kuporomoka. Machi 2008 benki ya Bear Stearns iliokolewa kwa kununuliwa na JPMorgan Chase, Benki Kuu ikisaidia. Tarehe 7 Septemba serikali ikachukua usimamizi wa mashirika ya mikopo ya nyumba ya Fannie Mae na Freddie Mac. Tarehe 15, benki ya Lehman Brothers ikatangaza kufilisika, na kesho yake kampuni ya bima ya AIG ikaahidiwa dola bilioni 85 ili isianguke. Tarehe 29 Baraza la Wawakilishi likaukataa mpango wa kuyaokoa mabenki wa dola bilioni 700 kwa kura 228 dhidi ya 205. Siku hiyohiyo kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kikaanguka pointi 777. Oktoba 3 mpango ukarudishwa ukiwa umerekebishwa, ukapita. Mwaka mmoja baadaye, katika kila watu kumi waliohitaji kazi Marekani, mmoja hakuwa nayo.

Sasa mkopaji, maana ndiye anayepigwa kwanza siku zote. Oktoba 2011, Herman Cain, aliyekuwa akiwania kuteuliwa na chama cha Republican kugombea urais, aliwaambia waandamanaji wasiilaumu Wall Street wala mabenki makubwa: kama huna kazi na si tajiri, jilaumu mwenyewe. Ni kauli iliyonyooka, na ina mvuto wake. Mtu mzima alitia saini mkataba. Nani alimshika mkono?

Tuuangalie mkataba wenyewe basi. Mikopo mingi ya daraja la chini, yaani ile waliyopewa watu wenye historia dhaifu ya kulipa madeni, ilikuwa na riba ya chambo. Miaka miwili ya mwanzo unalipa kidogo, halafu kwa miaka 28 iliyobaki riba inapanda na kushuka kulingana na soko, na kwa kawaida ilipanda. Dalali alikuwa na jibu tayari kwa mwenye wasiwasi: kabla ya miaka miwili kwisha nyumba itakuwa imepanda bei, utakopa upya kwa masharti nafuu. Dalali huyo alilipwa kwa kila mkopo uliokamilika, si kwa mkopo uliolipwa. Tena palikuwa na malipo ya ziada kutoka kwa mkopeshaji iwapo dalali angefanikiwa kumuuzia mteja riba ya juu kuliko aliyostahili. Naomba mlisikie hilo vizuri. Mtu uliyemwona kuwa mshauri wako alipata zaidi kadiri alivyokuumiza zaidi.

Ndugu yangu atasema natunga kisa cha mnyonge. Basi tuchukue Countrywide, iliyokuwa kati ya wakopeshaji wakubwa kabisa wa nyumba nchini humo. Desemba 2011, Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia nayo makubaliano ya dola milioni 335, kwa madai kwamba wakopaji zaidi ya 200,000 weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini walitozwa zaidi kuliko wazungu wenye sifa zilezile za kukopa, au walisukumwa kwenye mikopo ya daraja la chini ilhali walistahili ya kawaida. Hao ndio wanaoambiwa wajilaumu. Na mkuu wa kampuni hiyo, Angelo Mozilo? Kwa mujibu wa mashtaka ya SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji, mwaka 2006 aliandika kwenye barua pepe za ndani kwamba mojawapo ya bidhaa za kampuni yake ilikuwa na sumu kuliko zote alizowahi kuziona katika biashara hiyo, huku wawekezaji wakisimuliwa habari nyingine na yeye akiendelea kuuza hisa zake. Mwaka 2010 aliimaliza kesi kwa makubaliano ya dola milioni 67.5, bila kukiri kosa.

Weka hawa wawili kwenye kipimo. Mkopaji alijua mshahara wake na akaamini bei za nyumba hazishuki, kama alivyoamini mwenyekiti wa Benki Kuu. Alipokosea alipoteza nyumba, akiba aliyotanguliza, na uwezo wa kukopa kwa miaka. Adhabu yake aliipata yote, tena mapema. Sioni ni lawama ipi iliyobaki ya kumwongezea.

Tupande juu. Mkopeshaji hakukaa na mkopo. Aliuuza Wall Street ndani ya wiki chache, kwa hiyo hakujali kama ungelipwa. Ndani ya biashara hiyo wenyewe walikuwa na jina la mikopo iliyotolewa bila kuthibitisha kipato: waliita "mikopo ya waongo". Ukiona wafanyabiashara wameibatiza bidhaa yao jina hilo na bado wanaiuza, acha kuzungumzia kutojua. FBI nao walionya hadharani mwaka 2004 kwamba udanganyifu wa mikopo ya nyumba ulikuwa ukielekea kuwa janga. Ilikuwa bado miaka minne kabla ya Lehman.

Benki za uwekezaji zilinunua maelfu ya mikopo hiyo, zikaifunga pamoja na kuikata mafungu. Mwenye fungu la juu analipwa kwanza na hupata hasara mwisho. Mwenye fungu la chini ndiye wa kwanza kuumia. Hadi hapo ni ujanja halali, na una mantiki yake. Shida ilikuwa mafungu ya katikati, ambayo wawekezaji hawakuyachangamkia sana. Basi mabenki yakayakusanya mafungu hayo yasiyopendwa kutoka kwenye mafurushi mbalimbali, yakayafunga furushi jipya, yakalikata tena, na sehemu kubwa ya furushi hilo ikapewa upya daraja la AAA, la juu kabisa kwa usalama, sawa na hati za serikali ya Marekani. Nimesoma maelezo ya jambo hili mara nyingi na bado hunishangaza kwamba watu wazima waliovaa suti walikaa mezani wakakubaliana nalo.

Daraja hilo lilitolewa na nani? Na wapimaji wa usalama wa madeni, Moody's, Standard & Poor's na Fitch, waliolipwa na benki ileile iliyokuwa ikitafuta daraja. Ni mtahini anayepokea mshahara kwa mtahiniwa, na asipomfaulisha, mtahiniwa anakwenda kwa mtahini wa jirani. Tume iliyoundwa kuchunguza mgogoro huo, chini ya Phil Angelides, ilitoa ripoti yake Januari 2011 baada ya kuhoji mashahidi zaidi ya 700. Ilikuta kwamba kati ya 2000 na 2007 Moody's peke yake ilitoa AAA kwa karibu hati 45,000 zilizotokana na mikopo ya nyumba. Mwanzoni mwa 2010, kampuni binafsi zenye daraja hilo katika Marekani nzima zilikuwa sita. Na kati ya hati za mikopo ya nyumba zilizopewa AAA mwaka 2006, asilimia 83 zilikuja kushushwa. Mifuko ya pensheni ilinunua hati hizo kwa kuamini herufi tatu.

Halafu AIG. Tawi lake la fedha liliuza mikataba inayofanana na bima: nilipe kidogo kidogo, hati zako zikiharibika nitakufidia. Kwa kuwa kisheria haikuitwa bima, haikulazimika kuweka akiba ya kulipia fidia hizo. Ilikusanya ada kama vile siku ya kulipa haitakuja kamwe. Ilipokuja, walipa kodi ndio waliolipa, na wateja wa AIG wakafidiwa bila kupunguziwa hata senti. Benki ya Goldman Sachs kupitia njia hiyo ilipokea dola bilioni 12.9. Mwenye nyumba aliyeomba apunguziwe deni aliambiwa mkataba ni mkataba.

Walikuwa hawajui? Julai 2007 Charles Prince, mkuu wa benki ya Citigroup, alimweleza mwandishi wa habari kwamba muziki ukiendelea kupigwa huna budi kuinuka na kucheza, na kwamba wao bado walikuwa wakicheza. Kwetu tunasema ngoma ikivuma sana hupasuka, na naamini Prince alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alikuwa anasema tu kwamba hakuwa tayari kuwa wa kwanza kuketi.

Sasa nigeuke kwenye hoja nzito ya ndugu yangu, ile ya Bunge. Hakuibuni yeye. Novemba 1, 2011, waandamanaji wakiwa bado kwenye mahema yao, Meya Michael Bloomberg wa New York alisema si mabenki yaliyoleta mgogoro wa mikopo ya nyumba bali ni Bunge, lililolazimisha kila mtu kuwakopesha watu walio ukingoni mwa uwezo wao. Sheria inayotajwa kila mara ni ile ya 1977, iliyozitaka benki zisiyanyime mikopo maeneo ya watu wa kipato cha chini zinakochukua amana.

Kwanza, hesabu ya miaka inakataa. Sheria ya 1977 isubiri miaka thelathini ndipo ilipue? Pili, iliwabana waliokuwa na amana za wananchi, wakati wengi wa waliotoa mikopo mibaya kabisa walikuwa makampuni huru ya kukopesha, mfano New Century, iliyofilisika Aprili 2007 na haikuguswa na sheria hiyo. Tume ya Angelides ilikuta ni asilimia 6 tu ya mikopo ya riba ya juu iliyokuwa na uhusiano wowote nayo. Ilikuta pia kwamba katika maeneo yaleyale, mikopo ya benki zilizobanwa na sheria ilikuwa na nusu tu ya uwezekano wa kushindwa kulipwa, ukilinganisha na mikopo ya makampuni huru. Yaani iliposhika, ilisaidia.

Hoja ya Fannie Mae na Freddie Mac ina nguvu zaidi, na siwezi kuipita kwa mbio. Mashirika haya mawili yaliungwa mkono na serikali, yalikuwa na mtaji mdogo kwa mzigo mkubwa, na miaka ya mwisho yaliingia kwenye mikopo mibovu. Peter Wallison, mmoja wa wajumbe wa tume ile, alikataa kuunga mkono ripoti na kuandika yake, akidai kwamba kufikia katikati ya 2008 palikuwa na mikopo dhaifu milioni 27, karibu nusu ya mikopo yote ya nyumba, na kwamba sera ya serikali ndiyo iliyoizaa. Lakini wenzake watatu wa Republican ndani ya tume hiyohiyo nao waliandika maoni yao ya kupinga, na hawakukubaliana na Wallison. Walionyesha kwamba nyumba zilipaa bei Uingereza, Hispania na Ireland pia, ambako hakukuwa na Fannie wala Freddie. Mtu wa Madrid hakukopeshwa kwa amri ya Bunge la Washington. Wengi kwenye tume walihitimisha kwamba mashirika hayo yalichangia, ila hayakuwa chanzo kikuu. Yaliifuata Wall Street kwa hofu ya kuachwa nyuma kibiashara.

Serikali ina kosa, tena kubwa, lakini si hilo analolisema ndugu yangu. Kosa lake ni kulala, na kulala kwenyewe kulilipiwa. Mwaka 1998 Brooksley Born, aliyeongoza chombo cha kusimamia masoko ya mikataba ya baadaye, alitaka ile mikataba inayofanana na bima na jamaa zake ichunguzwe. Alizimwa na wakubwa wa Hazina na Benki Kuu, na Desemba 2000 Rais Clinton akatia saini sheria iliyoiweka mikataba hiyo nje ya usimamizi. Tangu 1994 Benki Kuu ilikuwa na mamlaka ya kupiga marufuku mikopo ya nyumba ya kinyonyaji kwa wakopeshaji wote. Ilitoa kanuni za maana Julai 2008, nyumba zikiwa zimeshaungua. Na Oktoba 2008 Alan Greenspan, aliyeiongoza Benki Kuu kwa zaidi ya miaka 18, alikiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba aliona kasoro katika imani yake kuwa mabenki yangejilinda yenyewe kwa faida yao wenyewe.

Nani alikuwa akibembeleza usingizi huo? Kati ya 1999 na 2008 sekta ya fedha ilitumia dola bilioni 2.7 kuwashawishi watunga sheria wa Washington, mbali na michango ya kampeni iliyozidi dola bilioni moja. Kwa hiyo nikiambiwa waandamanaji wangekwenda Washington badala ya Wall Street, nauliza tofauti ya nyumba hizo mbili ilikuwa wapi. Walipiga hodi kwa mwenye kulipa badala ya mwenye kulipwa. Naona walikuwa na haki ya kuchagua.

Nizungumzie sasa mavuguvugu yenyewe, maana Occupy hawakuwa wa kwanza. Februari 19, 2009, mtangazaji Rick Santelli wa televisheni ya CNBC alisimama kwenye ukumbi wa biashara mjini Chicago, akafoka moja kwa moja hewani kupinga mpango wa Rais Obama wa dola bilioni 75 wa kuwasaidia wenye nyumba. Aliwauliza wafanyabiashara waliomzunguka nani anataka kumlipia deni jirani aliyejiongezea bafu, wakamzomea jirani huyo asiyekuwepo. Akaitisha mkutano aliouita Tea Party ya Chicago. Miezi michache baadaye lilikuwa vuguvugu la nchi nzima, na Novemba 2010 Republican wakanyakua viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi.

Siwadharau watu wa Tea Party. Nyuma ya hasira yao kulikuwa na jambo ambalo kila Mswahili analielewa bila tafsiri: dawa ya deni ni kulipa. Wengi wao walichukia uokoaji wa mabenki sawasawa na walivyochukia wa majirani. Kumbukeni kwamba ile kura ya Septemba 29 iliangushwa na Republican 133 wakishirikiana na Democrat 95. Hasira ya kulia na ya kushoto iliwahi kukaa benchi moja. Ninacholalamikia ni mwelekeo. Hasira iliyoanza juu iliteremshwa hadi kwa jirani mwenye bafu la ziada, na iliteremshwa na mtu aliyesimama katikati ya soko la fedha, miezi minne baada ya mabilioni 700 kupitishwa.

Occupy walikuja Septemba 17, 2011, baada ya mwito wa jarida la Adbusters la Kanada. Walipiga kambi bustani ya Zuccotti, hatua chache kutoka Wall Street, na chaguo hilo lilikuwa la kiakili: bustani ni mali ya kampuni binafsi iliyolazimika kuiacha wazi saa 24, kwa hiyo polisi hawakuwa na amri ya kuifunga usiku kama bustani za jiji. Vipaza sauti vilikatazwa. Msemaji akawa anasema sentensi fupi na umati unairudia kwa pamoja hadi iwafikie wa nyuma. Oktoba 1 zaidi ya 700 walikamatwa kwenye daraja la Brooklyn. Novemba 15, usiku wa manane, polisi waliwaondoa.

Hoja yao nitakayoishambulia ni hii ya asilimia 99 dhidi ya asilimia 1. Kama wito wa kukusanya watu, ilikuwa hodari. Iligusa ukweli pia: ofisi ya bajeti ya Bunge ilionyesha Oktoba mwaka huohuo kwamba kati ya 1979 na 2007 kipato cha asilimia 1 ya juu, baada ya kodi, kilikua kwa asilimia 275, na cha moja ya tano ya chini kwa asilimia 18. Lakini kama hati ya mashtaka, haifai. Ndani ya ile asilimia 1 yumo daktari bingwa wa upasuaji ambaye hakuwahi kuuza mkopo wa nyumba maishani mwake. Ndani ya asilimia 99 yumo dalali aliyejaza fomu ya mstaafu kwa kipato cha uongo ili apate kamisheni yake, na yumo mchambuzi wa daraja la kati aliyegonga muhuri wa AAA mchana na kuondoka kwa treni jioni. Utajiri si ushahidi wa kosa, na mshahara mdogo si ushahidi wa kutokuwa nalo. Kwa kuchora mstari kwenye kipato badala ya kwenye kitendo, Occupy waliwapa akina Cain nafasi ya kusema hii ni husuda tu. Nafasi hiyo ilitumiwa barabara.

Na lile shutuma la kwamba hawakuwa na madai? Hilo ni nusu kweli. Mkutano wao mkuu ulikataa kutoa orodha. Ila kundi lililotoka humohumo, Occupy the SEC, lilikaa chini Februari 2012 na kuwaandikia wasimamizi wa fedha barua ya kurasa 325, kifungu kwa kifungu, juu ya kanuni ya Volcker ya kuzizuia benki zisicheze kamari na fedha zao wakati amana zina dhamana ya serikali. Televisheni haikuwa na hamu na kurasa 325. Ngoma za bustanini zilikuwa na picha nzuri zaidi.

Ndugu yangu aliuliza maandamano yanazaa nini hasa. Nimpeleke Iceland. Benki zake tatu kubwa zilianguka Oktoba 2008 ndani ya siku chache. Watu walikusanyika mbele ya bunge Reykjavik, Januari 2009, wakipiga masufuria na mafuniko hadi serikali ikajiuzulu mwezi huohuo. Hawakuishia hapo. Ilifuata tume maalumu, ambayo ripoti yake ya 2010 ilisomwa yote kwa sauti na waigizaji katika jumba la michezo la jiji, mchana na usiku, mwenye kutaka akae asikilize. Akateuliwa mwendesha mashtaka maalumu, Ólafur Hauksson, aliyekuwa mkuu wa polisi wa mji mdogo. Wakuu wa Kaupthing, mojawapo ya benki hizo tatu, walihukumiwa vifungo 2013, na Mahakama ya Juu ikathibitisha 2015. Aliyekuwa waziri mkuu, Geir Haarde, alishtakiwa pia. Alikutwa na hatia kwa shtaka moja, la kutoitisha vikao vya baraza la mawaziri kuhusu hatari iliyokuwa ikija, na hakupewa adhabu. Ukiitazama orodha hiyo unaona lawama ikichambuliwa: mwenye kusinzia alipewa yake, mwenye kudanganya yake.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Mtendaji wa Wall Street aliyefungwa kuhusiana na mgogoro ule ni mmoja, Kareem Serageldin wa benki ya Credit Suisse, miezi 30, kwa kuficha hasara kwenye vitabu. Zaidi ya hapo zilikuwa faini. JPMorgan ilikubali kulipa dola bilioni 13 mwaka 2013; Bank of America bilioni 16.65 mwaka uliofuata. Ni fedha nyingi, na ndugu yangu bila shaka atazitaja kuonyesha kwamba mabenki yameshaadhibiwa. Lakini faini ya kampuni hutoka mfukoni mwa wenye hisa, na kati ya wenye hisa wakubwa wa benki hizo imo mifuko ya pensheni, ileile iliyouziwa hati za AAA. Waliopokea bonasi za 2005 na 2006 walikaa nazo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ndugu yangu anazo dakika tano za kujibu, na ninalo ombi moja kwake: amtaje mtu mmoja aliyegonga muhuri, aliyefunga furushi au aliyeuza mkataba, ambaye alipoteza kwa kiwango alichopoteza mkopaji wa Countrywide. Na asinirudishe 1977.